Anza na rosta: mwongozo kamili wa kupanga usawa wa kijinsia katika kituo cha polisi

Mipango mingi ya kuwainua wanawake katika polisi huanzia uwanjani siku ya usajili, vijana wakipimwa urefu na kukimbizwa, na huishia papo hapo. Idadi ya wasichana waliochukuliwa inatangazwa, watu wanapiga makofi. Miaka kumi baadaye unaingia kituoni unawakuta wale wasichana, sasa ni mama wa watoto, bado makonstebo, bado wanapokea simu katika chumba cha redio. Kwa mazungumzo niliyofanya na maafisa wa Nakuru, Kisumu na Kakamega, nimefikia kuamini kwamba mambo huharibikia kwenye karatasi inayobandikwa ukutani: rosta ya zamu. Anayepangiwa doria, upelelezi, udereva na kuongoza kikosi ndiye anayejenga rekodi. Siku ya kutafuta wa kupandishwa cheo ikifika, rekodi ndiyo inayosomwa. Aliyekaa mezani hana cha kusomewa.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa kituo, yaani OCS, na wa kamanda wa kaunti ndogo. Ni wa afisa wa kike mwenye cheo anayetaka kulisukuma jambo hili, wa mjumbe wa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, na wa kikundi chochote cha wakazi kinachotaka kujua kidai nini na kwa nani. Tenga miezi mitatu ya matayarisho, kisha andika mpango wa miaka mitatu. Muda mfupi zaidi ya huo hautoshi kumwona mtu akienda kozi, akirudi, akapewa jukumu na kupandishwa cheo.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua nini

Wengi hukwama hapa. Wanaandika mpango mzuri wenye ahadi ambazo kituo hakina uwezo wa kuzitimiza, na mwaka ukiisha wanalaumiana.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 246, imeipa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi kazi ya kuajiri, kupandisha vyeo, kuhamisha na kusimamia nidhamu. OCS wa Kondele au Bondeni hawezi kuajiri hata mtu mmoja. Alicho nacho mkononi ni hiki: nani anafanya zamu gani, nani anapewa faili la upelelezi, nani anapendekezwa kwenda kozi, vyumba vilivyopo vinagawanywa vipi, na lalamiko linapokelewaje siku ya kwanza. Ni mamlaka makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu Tume ikikaa kuchagua wa kupandishwa, inapokea majina na rekodi zilizotengenezwa huku chini.

Serikali ya kaunti nayo ina mlango wake ambao watu huusahau. Polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa, lakini Jedwali la Nne la Katiba limeweka vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo ombi la mahali pa kulelea watoto wa askari linaweza kupelekwa kwa gavana bila mtu kusema kaunti inaingilia polisi. Tena gavana, au mtu aliyemteua, ndiye mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti iliyoundwa na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, na sheria hiyo inataka wanawake wawe na mwakilishi ndani yake. Mtafute mwakilishi huyo mapema.

Sasa sheria ipi utaje katika mpango? Karibu kila mtu hukimbilia Ibara ya 27(8), ile inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili. Ushauri wangu ni usiifanye nguzo. Inazungumzia vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na ukiileta kituoni utaingia kwenye mabishano ya mawakili yasiyoisha. Tumia Ibara ya 232(1)(i), inayotaka wanaume na wanawake wapewe nafasi za kutosha na za usawa za kuajiriwa, kupata mafunzo na kupanda ngazi, katika viwango vyote vya utumishi wa umma. Mafunzo na kupanda ngazi vimetajwa waziwazi, na hayo ndiyo unayodai. Iunge na Ibara ya 27(3) juu ya nafasi sawa kwa wanawake na wanaume.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Usinukuu Sheria ya Ajira ya 2007 kuhusu likizo ya uzazi ukadhani umemaliza. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinawaondoa polisi. Haki za uzazi za askari zimo katika kanuni za Tume na Maagizo ya Kudumu ya Huduma, na hizo ndizo za kufungua na kunukuu. Nimeona mpango uliokataliwa na kurudishwa kwa kosa hili peke yake.

Hatua ya 2: Hesabu kazi, usihesabu vichwa tu

Ukiuliza kituoni kuna wanawake wangapi, utapewa jibu haraka. Uliza wanafanya nini saa nane usiku, kutakuwa na kimya.

Chukua rosta za miezi sita iliyopita. Chora jedwali: jina (utaweka namba baadaye ili kuficha utambulisho), cheo, mwaka wa kuajiriwa, mwaka wa cheo cha mwisho, kozi alizohudhuria. Kisha weka safu ya kila kazi: doria ya miguu, doria ya gari, ofisi ya ripoti, ulinzi wa selo, upelelezi, kizuizi cha barabarani, kusindikiza washukiwa mahakamani, redio, ukarani, dawati la jinsia (panapopokelewa visa vya ukatili wa kijinsia), ulinzi wa benki au wa mtu mashuhuri. Tia alama kila mara mtu alipopangiwa kazi hiyo. Ni kazi ya kuchosha, na karani mmoja mwaminifu anaimaliza kwa wiki mbili.

Tuseme, kwa mfano tu, kituo kina askari 60, na 12 kati yao ni wanawake. Mmoja yuko kozini, mmoja yuko likizo ya uzazi. Wawili wako dawati la jinsia, mchana. Wawili wako redio na ukarani. Mmoja huenda mahakamani kila siku, mmoja yuko ofisi ya mkuu wa kituo. Wamebaki wanne. Wagawe hao wanne katika zamu tatu, ondoa siku za mapumziko, na utaona kuna usiku ambao kituo kizima hakina askari wa kike hata mmoja aliye zamu.

Hapo ndipo sheria inapokubana. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kinasema mwanamke akihitaji kupekuliwa apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Fikiria msako wa chang'aa usiku, ambako wapikaji wengi ni akina mama. Fikiria mpaka wa Busia, akina mama wakivuka na bidhaa zao. Bila askari wa kike zamuni, mambo ni mawili: mshukiwa hapekuliwi, au anapekuliwa kinyume cha sheria na kesi inaharibika mbele ya hakimu. Ukitaka kumshawishi kamanda asiyejali habari za usawa, mwekee jedwali hili mezani pamoja na kifungu hicho. Hutahitaji hotuba.

Jedwali likikamilika, angalia mambo matatu. La kwanza, asilimia ya wanawake katika kila kazi ukilinganisha na asilimia yao kituoni. Kama wanawake ni 20% ya kituo lakini 80% ya meza ya redio na 3% ya upelelezi, umepata tatizo lako. La pili, muda ambao mtu amekaa katika cheo kimoja, wanawake na wanaume walioajiriwa mwaka mmoja. La tatu, kozi: nani alipendekezwa, nani alienda, nani hakuwahi kusikia kwamba kulikuwa na kozi.

Hatua ya 3: Sikiliza, lakini uangalie nani yuko chumbani

Asiyekuwepo na lake halipo, na katika polisi hata aliyepo lake huweza kukosekana kama bosi wake amekaa kiti cha mbele. Konstebo hatasema mbele ya inspekta wake kwamba inspekta ndiye tatizo. Fanya vikao vitatu tofauti: makonstebo na makoplo wa kike peke yao, wanawake kuanzia sajini kwenda juu, kisha wanaume wa vyeo vyote vya chini. Anayeongoza kikao asiwe katika safu ya amri ya kituo hicho. Kasisi wa polisi anayeaminika anafaa, au mshauri nasaha, au mhadhiri kutoka Maseno, Egerton au Masinde Muliro ambaye amekwisha kufanya kazi na maafisa wa usalama. Usifanyie kikao kantini. Usirekodi sauti. Andika hoja, usiandike majina.

Maswali yawe mepesi na ya mambo yanayoshikika. Mara ya mwisho ulipopangiwa kuongoza doria ilikuwa lini? Nani alikuambia kuhusu kozi iliyopita? Ukiwa zamu ya usiku mtoto analala kwa nani? Unavaa wapi sare, unajisaidia wapi ukisimama kwenye kizuizi cha barabarani saa nane mfululizo? Kuna mtu anayekuogopesha kituoni? Swali la choo linaonekana dogo, na kwa kawaida ndilo linalofungua midomo. Askari wa kike aliyesimama kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret kutwa nzima hunywa maji kidogo makusudi ili asihitaji choo, na akipata maradhi ya mkojo hamwambii mtu. Ukilisikia hilo mara moja, hutaandika tena "mazingira bora ya kazi" kama lengo. Utaandika: kila kizuizi kinachodumu zaidi ya saa nne kiwe karibu na choo kinachotumika, au gari lizunguke kuwapeleka askari.

Kikao cha wanaume usikiruke. Wengi wana kinyongo cha kweli: wanasema wenzao wa kike wakiondolewa zamu za usiku, mzigo unawaangukia wao bila malipo wala shukrani. Wana haki. Mpango unaowapunguzia wanawake kazi utawapunguzia heshima na cheo pia, na utawachosha wanaume mpaka waupinge. Shabaha ni mgawanyo sawa wa kazi zote, ngumu na nyepesi, pamoja na msaada wa kuziwezesha.

Hatua ya 4: Andika lengo la rosta kabla ya mengine yote

Hapa usipapase. Andika maneno ambayo mtu wa nje anaweza kuyapima bila kukuuliza chochote. Mifano ninayoipendekeza:

- Kila zamu, usiku na mchana, iwe na askari wa kike wasiopungua wawili. Mmoja peke yake hatoshi, kwa sababu akiitwa nje na doria kituo kinabaki bila mtu.
- Hakuna afisa, mwanamume au mwanamke, atakayekaa redio, ukarani au ofisi ya mkuu zaidi ya miezi sita mfululizo bila kuomba mwenyewe kwa maandishi.
- Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, asilimia ya wanawake wanaoshika mafaili ya upelelezi ilingane na asilimia yao kituoni.
- Kila mwanamke mwenye cheo cha koplo na zaidi aongoze doria angalau mara mbili kwa mwezi, na jina lake liandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, kama kiongozi wa doria.

Hilo la mwisho lina sababu yake. Kama haikuandikwa kwenye OB, haikutokea. Afisa anaweza kuongoza msako mzima, kisha kitabu kikaandikwa jina la mwanamume aliyekuwa dereva. Mwambie kila afisa wa kike aweke daftari lake mwenyewe la kazi: tarehe, namba ya OB, alichofanya, matokeo ya kesi. Siku ya usaili wa kupanda cheo daftari hilo litamsemea.

Neno kuhusu dawati la jinsia. Limesaidia watu wengi sana, na mwathiriwa anayetaka kuzungumza na mwanamke ana haki ya kumpata. Lakini katika vituo vingi limegeuka mahali pa kuwaweka wanawake na kuwasahau. Wanapokea visa vizito vya ubakaji na vipigo, wanamkimbiza mwathiriwa hospitali ya Russia pale Kisumu au ya Level Five Nakuru kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia Ukimwi, wanajaza P3, fomu ya ripoti ya uchunguzi wa kimatibabu, kisha faili linachukuliwa na mpelelezi mwingine na sifa zinaenda huko. Weka katika mpango kwamba afisa wa dawati aliyepokea kisa abaki katika faili hadi mahakamani na ahesabiwe kama mpelelezi. Weka pia wanaume waliofunzwa kwenye dawati hilo. Wapo wavulana na wanaume waliodhulumiwa, na kazi hii haikuandikiwa jinsia moja.

Kwa wakazi wa maeneo yetu hili lina uzito wa pekee. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilivunja haki kwa kushindwa kuchunguza na kushtaki ukatili wa kingono uliofanywa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, ikaamuru waathiriwa wanne walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Ni miaka kumi na miwili na zaidi ya kungoja. Nakuru na Kisumu ni kati ya miji iliyoumia zaidi katika vurugu zile, na mama wa Nyalenda au Kaptembwa anapopima kama aende kituoni au anyamaze, kumbukumbu hizo zinampima na yeye.

Hatua ya 5: Kozi, vyeo na misheni

Tangazo la kozi likifika kituoni, mara nyingi hupita kwa mdomo au kwenye simu ya mtu mmoja. Lengo ni jepesi: kila tangazo libandikwe ubaoni ndani ya saa 24, tarehe ya kupokelewa ikiwa imeandikwa juu yake, na orodha ya waliopendekezwa ibandikwe pia. Mkuu wa kituo asiyempendekeza mtu aliyetimiza masharti aandike sababu. Mjamzito au mama anayenyonyesha asiondolewe kimyakimya. Aulizwe, na akiahirisha nafasi yake ishikiliwe kwa kozi inayofuata.

Udereva na shabaha navyo vinastahili mistari yao. Afisa anayetaka kwenda misheni ya Umoja wa Mataifa hupimwa lugha, kuendesha gari na kulenga shabaha. Umoja huo umejiwekea mkakati wa 2018 hadi 2028 wa kuongeza wanawake wenye sare, ukilenga 30% kwa maafisa wa polisi wanaotumwa mmoja mmoja na 20% katika vikosi vya polisi vilivyoundwa. Nafasi zipo basi. Lakini mwanamke aliyekaa redio miaka minane bila kushika usukani wala kwenda uwanja wa shabaha ataanguka siku ya mtihani, na watasema wanawake hawajitokezi. Tenga saa za gari kwa kila mtu kila mwezi. Gari la kituo likiwa moja na mafuta ni ya kupimwa, tumia safari za kawaida: anayejifunza aendeshe kwenda mahakamani, dereva mzoefu akiwa kando yake.

Walezi wa kazi wana faida, mradi wasiwe wa mapambo. Mwoanishe konstebo na mwanamke au mwanamume mwenye cheo kutoka kituo kingine, asiyemsimamia. Historia ya hapa inatoa mfano wa kutosha: Grace Kaindi aliongoza polisi wa mkoa wa Nyanza kutoka Kisumu kabla ya kuwa Naibu Inspekta Jenerali wa kwanza mwanamke wa Polisi wa Kenya. Kabla ya kiti cha Nairobi alishika amri mashinani, mahali pagumu, wakati mgumu. Amri hiyo ndiyo wanawake wa leo wanapaswa kupewa wakiwa bado koplo na sajini.

Hatua ya 6: Mtoto, nyumba na mwili

Mchukue konstebo mwenye mtoto wa miezi mitano, zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Anaamka saa tisa na nusu, anakamua maziwa, anambeba mtoto hadi kwa jirani katika laini, yaani nyumba za askari, anarudi kuvaa sare. Saa nne kifua kinamuuma, yuko doria, hana pa kwenda. Akiomba ruhusa mara tatu wiki hiyo anaambiwa hana bidii, na sentensi hiyo inaingia katika tathmini yake.

Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 71 na 72, inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi na kumpa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Chumba hakihitaji jengo. Kinahitaji mlango unaofungwa, kiti, soketi ya umeme, sinki au ndoo ya maji safi yenye bomba, na friji ndogo. Kituo chenye stoo ya vielelezo iliyojaa baiskeli za kesi zilizokwisha kina chumba tayari; kinachotakiwa ni kibali cha mahakama cha kuondoa vielelezo hivyo.

Malezi ya mchana ni suala la kaunti, kama nilivyosema, na zamu za usiku ni ngumu zaidi. Suluhisho ninaloliona linafanya kazi ni ratiba inayojulikana wiki nne kabla. Mama anayejua zamu zake mwezi mzima hupanga na dada, na mama mkwe au na yaya. Anayeambiwa jioni kwamba usiku huo ni wake hushindwa, hata awe hodari vipi. Ratiba ya mapema haigharimu shilingi, na wanaume wataishukuru pia.

Nyumba: tangu mageuzi ya Septemba 2018 maafisa wengi wanaruhusiwa kupanga nje na kulipwa marupurupu ya nyumba, lakini bado wapo wanaokaa kambini wakigawana chumba kwa pazia. Weka sharti kwamba afisa wa kike asigawane chumba na mwanamume asiye mumewe, hata kwa wiki moja, na bafu za wanawake ziwe na komeo la ndani na taa njiani. Kwa wanandoa wote wawili askari, mmoja Lodwar na mwingine Kisumu, kituo hakina uwezo wa kuwaunganisha. Kinaweza kupeleka barua ya mapendekezo kwa Tume na kuifuatilia kila robo mwaka.

Sare za wajawazito na fulana za kuzuia risasi zinazoenea mwili wa mwanamke ziorodheshwe katika maombi ya vifaa kwa vipimo vyake. Basi.

Hatua ya 7: Njia ya malalamiko isiyopita kwa mkosaji

Hapa mpango mzima unaweza kuanguka. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamhukumu mtu mwenye mamlaka, au mwenye ofisi ya umma, anayeendelea kumtaka mtu kimapenzi huku akijua hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuipeleka. Konstebo akilalamika kwa mkuu wake kuhusu rafiki wa mkuu, wiki ijayo anapata barua ya uhamisho.

Kwa hiyo andika njia tatu, na uzibandike mahali ambapo wanawake wanaweza kusoma bila kuonekana, kwa mfano ndani ya mlango wa choo chao: Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, IPOA (mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi), na Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Ongeza Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa pale ambapo tatizo ni la utaratibu mzima kuliko mtu mmoja. Weka namba za sasa za ofisi zao za karibu na uzihakikishe kila robo mwaka kwa kupiga simu.

Kisha andika kinga: aliyelalamika hahamishwi ndani ya miezi kumi na miwili ila kwa ombi lake la maandishi. Kama watu wawili hawawezi kukaa kituo kimoja, anayelalamikiwa ndiye anayependekezwa kuondoka wakati uchunguzi ukiendelea. Kamanda wa kaunti aitie saini aya hiyo peke yake, mbali na saini ya mpango mzima, ili asije akasema hakuiona.

Hatua ya 8: Pesa na kalenda

Sehemu kubwa ya haya haihitaji bajeti. Inayohitaji ina tarehe. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili, kwa hiyo maombi ya vyumba, sare na vifaa lazima yawe yamefika kwa kamanda wa kaunti kabla ya Oktoba ili yapande juu kwa wakati. Upande wa kaunti, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba. Ombi la kituo cha kulelea watoto lipelekwe Juni au Julai, wananchi wakitoa maoni, na wakazi walipeleke wenyewe. Wadi ikiwa na kikundi cha akina mama walio tayari kutumia kituo hicho pamoja na watoto wa askari, mwakilishi wa wadi atasikia haraka zaidi.

Hatua ya 9: Kufuatilia, na siku ya uhamisho wa mkuu

Kila robo mwaka rudia jedwali la Hatua ya 2. Bandika matokeo kwa asilimia, bila majina, na uyasome mbele ya Mamlaka ya Polisi ya Kaunti na kamati ya polisi jamii. Ukurasa mmoja unatosha. Lengo lisilosogea robo mbili mfululizo lijadiliwe na sababu iandikwe.

Hatari kubwa ni uhamisho. Mkuu aliyeupenda mpango anahamishwa, anayekuja hana habari, na rosta inarudi ilivyokuwa ndani ya mwezi. Dawa yake ni kuuingiza mpango katika taarifa ya makabidhiano, mahali pale panapoorodheshwa silaha, risasi, magari, mahabusu na vielelezo. Ukurasa huo uwe na haya: asilimia ya wanawake katika kila kazi robo iliyopita, majina ya walio zamu ya kwenda kozi na tarehe, wajawazito na wanaonyonyesha waliokubali kutajwa, na mipango yao ya kazi, malalamiko yaliyo wazi kwa namba tu, na ofisi inayoyashughulikia, maombi ya bajeti yaliyopelekwa na tarehe zake, na rosta ya wiki nne zijazo. Anayeondoka atie saini, anayeingia atie saini, nakala iende kwa kamanda wa kaunti ndogo na nyingine kwa mwakilishi wa wanawake katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Wiki sita baadaye mwakilishi huyo aombe kuonyeshwa rosta iliyo ukutani na ailinganishe na nakala yake.